Kura 129 na bahasha 573: jinsi Washington ilivyompata gavana wake

Jimbo la Washington, lile la kaskazini-magharibi mwa Marekani lenye mji wa Seattle, lilipiga kura ya gavana tarehe 2 Novemba 2004. Aliyeshinda alijulikana kwa hakika tarehe 6 Juni 2005. Katikati hapo kura karibu milioni 2.8 zilihesabiwa mara tatu, ushindi ukahama upande, gavana akaapishwa huku kesi ya kumng'oa ikiwa imeshafunguliwa, na jaji wa mji wa Wenatchee, kwenye bonde la wakulima wa matufaha, akakaa wiki mbili kusikiliza habari za marehemu waliopiga kura na wafungwa wa zamani ambao hawakupaswa kupiga.

Mimi hupiga kura katika kaunti ya King, yenye mji wa Seattle, iliyokuwa kitovu cha mvutano wote ule. Kila msimu wa uchaguzi nawasikia watu wetu wa Kent na Tukwila, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wakikisimulia kisa hiki kwa namna mbili tu. Kuna wanaosema Democrat waliiba. Kuna wanaosema mahakama ziliokoa demokrasia. Ukifuata tarehe na hesabu hatua kwa hatua, utaona makundi yote mawili yanatazama pasipo. Kesi kubwa ya kupinga matokeo, pamoja na mawakili wake na kamera zake, ilisogeza hesabu kwa kura nne. Kilichoisogeza kwa kura zaidi ya mia moja ni sahihi za wapiga kura ambazo hazikuwemo kwenye kompyuta ya ofisi ya kaunti.

Tuanze na wagombea, kwa ufupi. Gavana Gary Locke wa Democrat hakugombea muhula wa tatu. Chama chake kikamsimamisha Christine Gregoire, Mwanasheria Mkuu wa jimbo tangu 1993, aliyejijengea jina mwaka 1998 akiwa miongoni mwa vinara wa mapatano yaliyozibana kampuni za tumbaku zilipe majimbo mabilioni ya dola. Republican wakamleta Dino Rossi, mfanyabiashara wa nyumba na ardhi aliyekuwa seneta wa jimbo. Chama chake kilikuwa hakijashinda ugavana wa Washington tangu John Spellman mwaka 1980, kwa hiyo njaa ilikuwepo. Wa tatu alikuwa Ruth Bennett wa chama cha Libertarian, aliyepata kura zaidi ya 63,000. Wachambuzi humpita haraka na mimi nampita pia, ila jina lake mliweke akilini, maana atarudi baadaye na kura moja.

Siku hiyohiyo wapiga kura wa jimbo walimpa John Kerry kura zao za urais, wakamrudisha Seneta Patty Murray wa Democrat, lakini nafasi ya Katibu wa Jimbo wakampa tena Sam Reed wa Republican. Katibu wa Jimbo ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi huko. Yaani mtu aliyekuja kutia mkono kwenye cheti cha ushindi wa Gregoire alitoka chama cha Rossi, na wapo wenzake chamani waliomnunia kwa hilo.

Hesabu ya kwanza na ya pili

Aliyezoea uchaguzi wa nyumbani, ambako kituo hufungwa, masanduku humwagwa mezani na fomu hubandikwa mlangoni usiku uleule, anaweza kuona Washington kuna kitu kinafichwa. Matokeo ya usiku wa kwanza huko ni kionjo tu. Tayari mwaka 2004 wapiga kura wengi walikuwa wanatumia posta, na sheria inaikubali bahasha iliyogongwa muhuri wa posta siku ya uchaguzi hata ikifika siku kadhaa baadaye. Basi kila alasiri kaunti 39 hutoa hesabu mpya, na anayeongoza Jumanne anaweza kuwa nyuma Ijumaa. Novemba ile uongozi ulihama zaidi ya mara moja. Kaunti zilipofunga hesabu zao tarehe 17, Rossi alikuwa mbele kwa kura 261.

Sheria ya jimbo ilisema tofauti ikiwa chini ya kura 2,000 na pia chini ya nusu ya asilimia moja, mashine zihesabu upya bila mtu kuomba. Zikahesabu. Tarehe 24 Novemba uongozi wa Rossi ukapungua hadi 42, na tarehe 30 Sam Reed akamwidhinisha kuwa gavana mteule.

Ajabu kwa wengi ni kwamba mashine ileile inaweza kutoa jibu tofauti kwa karatasi zilezile. Haina uchawi. Mtu anaweka tiki badala ya kujaza kiduara, mwingine anatumia kalamu hafifu, mwingine anakata jina na kuandika pembeni. Mashine inapita bila kuona. Makarani wakizipitia tena karatasi ambazo hazikusomeka, baadhi hupata uhai. Katika kura milioni 2.8 hitilafu kama hizo huwa ni maelfu, na siku zote zipo. Tofauti ikiwa kura laki moja hakuna anayejali. Naona hili ndilo gumu zaidi kumweleza mtu aliyekasirika: uchaguzi wa 2004 haukuwa na makosa mengi kupita mwingine, ila safari hii makosa ya kawaida yalikuwa makubwa kuliko tofauti ya wagombea.

Hesabu ya mkono ilikuwa na bei

Baada ya mashine kusema 42, sheria ilikiruhusu chama kilichoshindwa kuomba hesabu ya mkono, lakini kwa kulipa amana ya senti 25 kwa kila kura. Kwa jimbo zima Democrat waliweka dola 730,000, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye mabaki ya kampeni ya Kerry. Wangeweza kuokoa fedha kwa kuomba kaunti chache tu walizokuwa na nguvu. Waliamua kulipia zote 39, na kisiasa ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu kuchagua kaunti ndiko kulikomharibia Al Gore, mgombea urais wa Democrat, huko Florida mwaka 2000, na kila mtu alikuwa bado anakumbuka. Kanuni ilikuwa kwamba matokeo yakigeuka fedha zinarudishwa.

Wakati huohuo kulikuwa na kazi nyingine ya chinichini ambayo televisheni haikuipenda. Kuna kura zinazoitwa za muda: mtu amekwenda kituoni, jina lake halionekani au kituo si chake, anapewa karatasi inayowekwa kwenye bahasha ya pekee mpaka ofisi imthibitishe. Kaunti ya King ilikuwa imeziweka kando zaidi ya 900 kati ya hizo kwa sababu ya sahihi: ama haipo, ama haifanani na iliyoko kwenye daftari. Democrat wakaenda mahakamani, wakapata majina, kisha wakatuma watu wa kujitolea mlango kwa mlango wakiwa na fomu ya kusahihisha. Republican wakashtuka, nao wakaingia mitaani. Mwenye kura ya muda iliyokataliwa alikuwa na siku chache tu kabla kaunti haijafunga hesabu. Ukiniuliza ni wapi kampeni iliendeshwa kwa ustadi Novemba ile, nitakuonyesha vijana wale wenye ubao wa kuandikia na mwavuli.

Jina la mwenyekiti kwenye orodha

Ndipo katikati ya Desemba, hesabu ya mkono ikiendelea, Larry Phillips, mwenyekiti wa baraza la kaunti ya King na mtu wa Democrat, akapitia orodha ya watu wa eneo lake ambao kura zao za posta zilikataliwa. Akaliona jina lake mwenyewe.

Alikuwa ametia sahihi. Alikuwa mpiga kura wa miaka mingi. Maofisa walipofuatilia wakagundua kwamba kwake na kwa wengine mamia, sahihi ya daftari haikuwa imeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, ingawa kadi ya karatasi aliyoijaza wakati wa kujiandikisha ilikuwepo. Utaratibu ulimtaka karani asipoona sahihi kwenye skrini aitafute kadi. Haikutafutwa, bahasha zikahesabiwa kuwa zimekosa sahihi ya kulinganisha, zikawekwa kwenye rundo la zilizokataliwa. Idadi yake ilikuwa 573. Siku chache baadaye likapatikana trei jingine lenye bahasha kama 150 za aina hiyohiyo ghalani, na jumla ikapita 700.

Hapa msomaji mwenye shaka ana haki ya kuinua nyusi. Kaunti ya Democrat, hesabu inakaribia mwisho, chama cha Democrat kiko nyuma kwa kura chache, na ghafla bahasha zinaonekana. Nami ningeinua zangu. Lakini bahasha hizi hazikuibuka kutoka kusikojulikana: kila moja ilikuwa na jina, anwani na tarehe, zilikuwa zimepokelewa Novemba, zikaandikwa kwenye kumbukumbu kuwa zimekataliwa, na zilikuwa bado zimefungwa. Hakuna aliyejua ndani yake kuna nini, ingawa kila mtu aliweza kukisia, maana King ni kaunti iliyompa Gregoire ushindi mnono.

Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imetoka kutoa uamuzi tarehe 14 Desemba. Democrat walitaka kaunti zote zilazimishwe kuzipitia upya kura zilizokataliwa, na majaji kwa kauli moja wakakataa: kuhesabu upya maana yake ni kuhesabu zilizokwisha kukubaliwa. Kwa hiyo Republican walipokwenda mahakama ya kaunti ya Pierce tarehe 17 kuizuia King isizifungue zile bahasha, walishinda. Siku tano baadaye, tarehe 22, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa Pierce, tena kwa kauli moja.

Watu wengi waliona majaji wamejipinga wenyewe ndani ya siku nane. Ukisoma kwa makini hawakujipinga. Mara ya kwanza walisema mgombea hawezi kuilazimisha kaunti kurudia uchunguzi. Mara ya pili walisema bodi ya kaunti yenyewe, ikigundua kasoro katika kazi yake kabla uchaguzi haujafungwa, ina mamlaka ya kisheria kuirekebisha. Tofauti ni nani anayeshika ufunguo. Mwenye kaunti akiona ameacha mlango wazi, anaruhusiwa kurudi kuufunga. Jirani hawezi kuingia kwa kisingizio hicho.

Bila bahasha zile, hesabu ya mkono ilikuwa imempa Gregoire uongozi wa kura 10. Zilipochunguzwa, zenye sahihi halali zikafunguliwa. Tarehe 30 Desemba Sam Reed akaidhinisha matokeo mapya: Gregoire 1,373,361, Rossi 1,373,232. Tofauti 129.

Kuna jambo hapa ambalo mashabiki wa pande zote hulisahau. Gregoire alikuwa ameshaongoza kwa 10 kabla ya bahasha yoyote ya King kufunguliwa. Anayesema bahasha 573 zilimpa ushindi hajasema kweli yote. Zilimpa nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ndiyo iliyohitajika miezi mitano baadaye.

Wenatchee

Rossi alimwandikia mpinzani wake akimtaka wakubaliane uchaguzi urudiwe. Desemba hiyohiyo Ukraine ilikuwa imerudia uchaguzi wake wa rais, na wafuasi wa Rossi hawakukosa kuitaja. Gregoire alikataa, akaapishwa tarehe 12 Januari 2005. Siku chache kabla ya kiapo Republican walikuwa wamefungua kesi kaunti ya Chelan, upande wa mashariki wa milima ya Cascade, mahali ambapo watu wengi walimpigia Rossi. Kuchagua mahakama nako ni sehemu ya mchezo, na sheria iliwaruhusu.

Jaji John Bridges alisikiliza kesi kuanzia tarehe 23 Mei. Republican walifanya kazi kubwa ya kupekua madaftari, na hawakutoka mikono mitupu. Mwishoni jaji mwenyewe alikiri kwamba kura 1,678 zilipigwa kinyume cha sheria: 1,401 za watu waliopatikana na hatia ya makosa makubwa ya jinai na ambao haki yao ya kupiga kura ilikuwa haijarudishwa, 252 za muda zilizoingizwa kwenye mashine kabla wenyewe hawajathibitishwa, 19 zilizopigwa kwa majina ya marehemu, na 6 za watu waliopiga mara mbili. Idadi hiyo ni mara kumi na tatu ya tofauti ya wagombea. Kwa akili ya kawaida, uchaguzi huo umekwisha.

Jaji akatupilia mbali kesi.

Sheria ya Washington haiulizi tu kura haramu ni ngapi. Inataka mlalamikaji aonyeshe kwamba kura hizo zilikwenda kwa mshindi, na zikiondolewa kwake anashuka chini ya mpinzani. Lakini kura ni ya siri. Marehemu hawezi kuitwa kizimbani, na mfungwa wa zamani si mara zote atakubali kuitwa. Republican wakajaribu njia ya hesabu za takwimu: kama mtaa fulani ulimpa Gregoire asilimia 70, basi kila kura haramu ya mtaa huo ihesabiwe kuwa asilimia 70 ni yake. Waliwaleta wataalamu wa vyuo vikuu kuitetea. Jaji aliikataa, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi, kwa sababu njia hiyo inamhukumu mtu kwa kura za majirani zake. Mwanamume wa miaka ishirini na kitu aliyetoka gerezani hapigi kura kama bibi mstaafu wa nyumba ya pili, ingawa wote wawili wamo kwenye kituo kimoja.

Democrat nao walicheza karata yao kimyakimya. Waliwatafuta wafungwa wa zamani waliokuwa tayari kuapa kwamba walimpigia Rossi, wakawapata wanne. Wa tano alikuwa amempigia Ruth Bennett. Ndiyo ile kura moja niliyoitaja mwanzoni. Hivyo katika kura 1,678, ni tano tu ambazo mahakama iliweza kusema kwa ushahidi zilikwenda wapi, na nne kati yake zikakatwa kwa Rossi. Kesi aliyoifungua yeye ikamwongezea mpinzani wake: tofauti ikawa 133. Tarehe 6 Juni, siku ya hukumu yenyewe, Rossi alitangaza kwamba hatakata rufaa.

Mkenya akiisoma hukumu hii

Kwa aliyefuata siasa za Kenya, hukumu ya Wenatchee inakwaruza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais ambao tofauti yake ilikuwa takriban kura milioni 1.4. Wengi wa majaji walikisoma kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kwa namna ya kutenganisha: uchaguzi unaweza kuanguka kwa kukiuka misingi ya Katiba na sheria, au kwa dosari zilizoathiri matokeo, na mlalamikaji halazimiki kuthibitisha yote mawili. Odinga hakutakiwa kuonyesha kura milioni 1.4 zilikotoka. Ilitosha kwamba mchakato wa kupeleka matokeo haukuweza kuthibitishwa.

Weka kesi mbili hizo sambamba. Huku, tofauti ya milioni inafutwa kwa sababu ya mchakato. Kule, tofauti ya 129 inabaki huku jaji akikubali kura haramu 1,678. Ungempeleka Rossi mbele ya majaji wa Nairobi wa 2017, nadhani angepata marudio. Ungempeleka Odinga Wenatchee, asingefika popote.

Sisemi Kenya ina msimamo mmoja. Katika kesi ya ugavana wa Meru mwaka 2014, Mahakama ya Juu hiyohiyo ilimrudishia Peter Munya kiti chake baada ya Mahakama ya Rufani kumnyang'anya, na hoja ilikuwa karibu na ya Bridges: dosari zilikuwepo, lakini haikuonyeshwa kwamba zilibadilisha uamuzi wa wapiga kura. Magavana wengi wa kaunti za Kenya waliopelekwa mahakamani wameponea hapo.

Mwenyewe nayumba kati ya misimamo hii. Wa Washington unalinda uchaguzi usivunjwe na kila karani aliyesinzia, lakini unamtaka mlalamikaji athibitishe kitu ambacho usiri wa kura umekizika. Ukiufuata hadi mwisho, mhalifu mwenye akili anayejaza kura haramu elfu kumi bila kuacha alama ya mgombea anaweza kulala usingizi. Jaji Bridges alisema wazi kwamba hakuona ushahidi wa njama, na hilo ndilo lililoifanya hukumu iweze kumezeka. Kungekuwa na njama, sijui kama kipimo kilekile kingevumilika.

Kilichobadilika ofisini

Ofisi ya uchaguzi ya King ilichafuka sana mwaka ule, na mabadiliko yalikuja mfululizo. Daftari moja la wapiga kura la jimbo zima lilianza kazi mwaka 2006, likachukua nafasi ya madaftari 39 yasiyosemezana, ambayo ndiyo yaliyowaacha marehemu na waliorudia kupiga wapite. Kaunti moja baada ya nyingine ikahamia kwenye kupiga kura kwa posta pekee, King mwaka 2009, na tangu 2011 ni sheria ya jimbo zima. Mkurugenzi wa uchaguzi wa King, ambaye zamani aliteuliwa, sasa huchaguliwa na wananchi. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilirahisisha kurudishiwa haki kwa waliomaliza kifungo. Kabla yake deni la gharama za mahakama lilitosha kumnyima mtu kura, na wengi wa wale 1,401 pengine hawakujua wamezuiwa. Tangu 2022 anayetoka gerezani anarudishiwa haki hiyo palepale.

Bei ya hesabu ya mkono nayo imeondoka pale inapouma zaidi: kwa nafasi ya jimbo zima, tofauti ikiwa chini ya kura 1,000 na chini ya robo ya asilimia, mkono unahesabu moja kwa moja kwa gharama ya serikali. Kanuni hiyo ilitumika Agosti 2024 kwenye mchujo wa Kamishna wa Ardhi za Umma. Dave Upthegrove aliishika nafasi ya pili kwa kura 49, akaingia duru ya Novemba na kushinda.

Kuhusu Gregoire na Rossi, walirudiana 2008. Gregoire alishinda kwa zaidi ya kura 190,000, na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Sahihi ndiyo ambayo haijatulia. Leo bahasha yako ikikataliwa, kaunti ni lazima ikujulishe na ikupe fomu ya kurekebisha, na una muda mpaka siku moja kabla ya kaunti kuidhinisha matokeo. Kwa uchaguzi mkuu uidhinishaji ni siku ya 21 baada ya siku ya kupiga kura. Unaweza kufuatilia bahasha yako mwenyewe kwenye VoteWA, tovuti ya wapiga kura ya jimbo, uone kama imepokelewa na kama imekubaliwa. Phillips mwaka 2004 alihitaji orodha ya chama na bahati. Na mwanzoni mwa 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba ulinganishaji wa sahihi uendelee, baada ya makundi ya kiraia kutaka uondolewe.

Walitaka uondolewe kwa sababu ya ripoti moja. Mkaguzi wa jimbo alizipitia bahasha za uchaguzi mkuu wa 2020 na Februari 2022 akatoa matokeo: kura za watu weusi zilikataliwa kwa kiwango cha mara nne ya zile za wazungu. Vijana nao walikataliwa zaidi kuliko wazee, na waliopiga kwa mara ya kwanza kuliko wazoefu. Wakaguzi hawakukuta dalili ya makarani kupendelea. Walipozitazama sahihi zenyewe, karibu kila mara walikubaliana na uamuzi uliotolewa. Kaunti unayoishi nayo ilichangia sana, maana wapo makarani wakali na wapo wapole.

Kwa sisi tuliohamia, maelezo hayako mbali. Sahihi iliyoko kwenye daftari mara nyingi ni ile uliyotia ofisi ya leseni ya udereva, kwenye kidude cha plastiki, miaka kadhaa kabla hujapata uraia. Mama aliyekuwa akiandika jina lote kwa herufi za shule sasa anachora mkunjo mmoja. Binti ameolewa, amebadili jina la mwisho. Baba ana kisukari na mkono unatetemeka. Mwana, kwa kuwa anaona mzee anachelewa, anamtilia sahihi kwenye bahasha yake, na bahasha inakwama. Kisha barua ya kaunti inafika, inaonekana kama tangazo jingine tu, inakaa juu ya friji hadi siku ya 21 inapita.

Simu ya kaunti hupokewa, na fomu ya kuweka sahihi mpya kwenye daftari haina ada. Inaweza kujazwa hata mwaka usio na uchaguzi wa gavana.